Biharusi, Jirani Yako Mchina Naye Ana Haki Yake



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo masomo wetu hawatufundishi. Biharusi anapowekwa ndani hufundishwa mambo ya mume, usafi, kuchoma udi, jiko, na namna ya kuishi na mama mkwe na mawifi. Mimi somo yangu alinifundisha mpaka namna ya kukunja shuka. Lakini sikumbuki hata mara moja kumsikia akitaja jirani. Na angemtaja, basi angekuwa jirani wa kwetu, mtu wa mtaa mmoja, tunayejua babu yake na bibi yake. Nani angefikiri kwamba mtoto wa Unguja ataolewa Kisarawe, afungue dirisha asubuhi amuone Mchina anaanika fulana zake kwenye kamba?

Hayo ndiyo yaliyomkuta mdogo wangu. Ameolewa Vihingo, Kisarawe, upande unaoelekea Kibaha. Mumewe ni Mzaramo wa huko huko, kijana wa dini, anafanya kazi kiwandani upande wa Kibaha. Nyumba yao ni ya ukoo, na mwisho wa mstari ule wa nyumba kuna nyumba ya kupanga ambayo walikuwa wakikaa Wachina watatu.

Sikukuu ndogo ya mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Mnajua wenyewe sikukuu ilivyo. Tumeamka alfajiri, pilau limeiva, kachumbari tayari, na baada ya swala watoto wakaanza kupeleka sahani kwa majirani, kila sahani imefunikwa kawa. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hata kwa yule bibi ambaye hawasemezani naye kwa ajili ya ugomvi wa mpaka wa shamba, sahani ilikwenda. Mtoto wa wifi yake mdogo wangu, kasichana ka miaka sita hivi, akarudi akauliza, "Bibi, na kwa Mchina?"

Bibi yake akajibu, "Mchina wapi na pilau? Yeye ana nyoka wake."

Tukacheka wote. Na mimi nilicheka, siwafichi. Kisha nikatoka nje kumwaga maji nikamuona mmoja wao amekaa kibarazani, kavaa shati safi, anatazama njia. Sahani zote zilipita mbele yake. Zilipita zimejaa, zikarudi tupu. Aliponiona akainamisha kichwa kunisalimia. Nikaitikia kwa aibu nikaingia ndani.

Tangu siku ile jambo hili halijanitoka moyoni.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini hadithi hii si ya mdogo wangu peke yake. Mkoa wa Pwani sasa ni mkoa wa viwanda. Kule Kwala, wilaya ya Kibaha, kuna bandari kavu ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 31 Julai 2025, pamoja na safari za mizigo za reli ya SGR. Hapo hapo Kwala kuna kongani ya viwanda inayoendelezwa na kampuni ya Kichina ya Sino Tan, na mpango wake ni kuwa na viwanda zaidi ya 200. Chalinze na Mkuranga viwanda vya vigae vya Wachina vimeshaota mizizi. Kwa hivyo vijana wanaopata kazi watakuwa huko, na vijana wanaopata kazi ndio wanaoleta posa. Mabiharusi wetu wengi watakwenda kuishi Mlandizi, Kibaha, Kisarawe na Chalinze, na watakuwa na majirani kutoka nje ya nchi. Bora tulizungumze mapema.

Nilikaa Vihingo siku kumi, na nilisikia mengi kuhusu Wachina. Nikiyapanga, yalikuwa ya namna tatu.

La kwanza ni kazi. Wanalipa kidogo, wanafokea watu, hawatoi glavu, hawatoi mkataba. La pili ni ardhi: wamekuja kutumalizia mashamba yetu. La tatu ni biashara, kwamba Mchina aliyesema amekuja kujenga kiwanda leo anauza ndoo na ndala rejareja, na mama muuza ndala hana pa kukimbilia.

Haya si maneno ya uongo, wala siwalaumu wanaoyasema. Mtu akifokewa kazini mbele ya vijana wadogo hurudi nyumbani na uchungu. Lakini nilipokaa nikasikiliza hadithi moja moja mpaka mwisho wake, nikagundua kitu. Uchungu ulikuwa wa kweli, ila aliyekuwa akibebeshwa si yule aliyeusababisha.

Nianze na shemeji yangu. Miezi michache kabla ya sikukuu ile mkono wake ulinaswa na mashine kiwandani. Vidole viwili viliumia vibaya. Alikuwa hana glavu. Msimamizi akamwambia nenda nyumbani, ukipona urudi, na siku ambazo hukufanya kazi hulipwi. Mkataba wa maandishi hana, ingawa amefanya kazi pale zaidi ya mwaka. Nyumba nzima ikahuzunika, na ndipo maneno yalipoanza: hawa Wachina hawana huruma, hawa Wachina ni makafiri, hawa Wachina Mungu awaone. Wale watatu wa nyumba ya mwisho wakawa hawasalimiwi tena.

Sasa sikilizeni. Kiwanda kile kweli ni cha Wachina. Lakini wale watatu si watu wa kiwanda. Ni wachimba visima. Kisima kilichochimbwa karibu na skuli ya pale ni wao walikichimba, na maji yale mama mkwe wa mdogo wangu anayapikia kila siku. Kwa mwenye kiwanda hawamjui hata jina. Na msimamizi aliyemwambia shemeji "ukipona urudi" si Mchina. Ni Mtanzania mwenzetu, Muislamu mwenzetu, na Ijumaa hukaa safu ya mbele. Huyo hakuna aliyeacha kumsalimia. Yeye aliletewa sahani ya sikukuu.

Nimelitafakari sana hilo. Tulimnyima salamu mtu aliyetuchimbia maji, tukampelekea pilau mtu aliyemnyima ndugu yetu haki yake, kwa sababu mmoja anafanana na mwenye kiwanda na mwengine anafanana na sisi.

Tukija kwenye ardhi, ni vile vile. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ya Tanzania ila kwa ajili ya uwekezaji, na kwa utaratibu wa serikali. Mchina hawezi kuja Vihingo akanunua shamba la bibi yako kwa mkono wake kama anavyonunua kanga. Mashamba yaliyoondoka mengi yameuzwa na wenyewe, mara nyingi na wanaume wa ukoo, bila ya kuwashirikisha dada zao na mama zao. Mwanamke anakuja kujua shamba limeuzwa siku anapokuta bikoni zimesimikwa. Aliyemdhulumu huyo ni kaka yake, lakini anayelaaniwa ni mgeni.

Na katika biashara, serikali yenyewe imelijua hili. Julai 2025 lilitolewa agizo linalowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja, kutuma na kutoa pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, usafi wa majumbani na kununua mazao shambani. Aliyelitoa ni Selemani Jafo, Waziri wa Viwanda na Biashara wakati huo, naye alikuwa mbunge wa Kisarawe hiyo hiyo. Mgeni akivunja agizo, faini yake haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita. Lakini agizo halikuishia kwa mgeni. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake, faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Kwa nini waliweka kifungu hicho? Kwa sababu inajulikana kwamba nyuma ya duka la mgeni mara nyingi kuna mwenyeji aliyeazima jina lake akalipwa.

Sitaki mnifahamu vibaya. Sisemi kwamba wageni hawana makosa. Wapo waajiri wa kigeni wanaodhulumu, tena sana, na dhulma ni dhulma hata anayeifanya awe nani. Ninachosema ni kwamba jirani na kiwanda ni vitu viwili. Jirani anadai wema wako. Kiwanda kinadaiwa haki yako. Sisi tumevichanganya, matokeo yake jirani hapati wema na kiwanda hakidaiwi haki. Tunamaliza hasira zetu kwa kumcheka mtu anayeanika fulana, na mwenye kiwanda analala usingizi wake.

Tuanze na haki ya jirani, maana hiyo ni dini na haina mjadala.

Suratun Nisaa, aya ya 36, imetaja kumfanyia wema jirani aliye jamaa na jirani aliye mgeni, wote wawili katika aya moja na kumuabudu Mwenyezi Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza kwamba Jibril aliendelea kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani atampa fungu la urithi. Na sahaba Abdullah bin Amr, radhi za Allah ziwe juu yake, alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, jambo aliloliuliza tena na tena ni kama jirani yao Myahudi ameshapelekewa. Hakuuliza kama Myahudi anakula chakula chao. Aliuliza kama amepelekewa.

Na sisi wanawake tumetajwa khasa. Mtume aliwaambia wanawake wa Kiislamu wasidharau kupelekeana zawadi baina ya majirani hata ikiwa ni kwato ya kondoo. Na alipoelezwa habari za mwanamke anayeswali sana na kufunga sana na kutoa sadaka, lakini anawaudhi majirani zake kwa ulimi, alisema huyo ni wa motoni. Dada zangu, ulimi ule haukuwekewa sharti kwamba jirani awe Muislamu.

Kisha Suratul Hujurat imekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, na imewataja wanawake peke yao katika hilo, kana kwamba Mola wetu alijua vikao vyetu vya barazani. Na ndani ya sura hiyo hiyo tumeambiwa kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Haya, tunajuana vipi na mtu ambaye tangu afike hatujamuuliza hata jina lake? Mdogo wangu amekaa karibu na wale watu miaka miwili. Wote watatu anawaita "Mchina". Nilipomuuliza majina yao alinyamaza.

Na hapa niwakumbushe jambo linalotuhusu sisi wa visiwani zaidi kuliko wengine. Mdogo wangu naye ni mgeni pale. Siku za mwanzo alipokuwa akizungumza, watoto walikuwa wakimuigiza. Akisema "skuli" wanacheka. Mwanamke mmoja alimuuliza mbele ya watu kama ni kweli Wazanzibari wanafuga majini. Alinipigia simu usiku analia, anasema, "Dada, wananiangalia kama kitu." Anaijua ladha ya kuwa mgeni. Na sisi sote tunaijua. Nani kati yetu hana shangazi Maskati, au binamu anayefanya kazi za ndani Dubai, au mtoto London? Tukisikia mwajiri wa huko kamnyanyasa, tunalia. Tukisikia jirani wa huko kampelekea chakula siku alipoumwa, tunamuombea dua mtu ambaye hatujawahi kumuona. Basi yule kijana aliyekaa kibarazani Vihingo naye ana mama yake pahala.

Wala wageni hawa si wa kwanza kufika huko. Kibaha ya leo, na skuli zake na hospitali ya Tumbi, imesimama juu ya kazi ya mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963. Denmark, Finland, Norway na Sweden walikuja kuanzisha skuli, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, kisha mwaka 1970 wakaikabidhi serikali, ndipo likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Reli ya TAZARA nayo inapita Kisarawe. Wachina walifika huko kwa maelfu kuijenga baina ya mwaka 1970 na 1975, reli ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Waliofariki katika kazi ile na kazi nyengine za msaada, zaidi ya 60, wamezikwa Majohe, upande wa Gongo la Mboto, si mbali na Pugu. Hawakurudi kwao.

Na kwetu Unguja je? Madaktari wa Kichina wanakuja Zanzibar tangu mwaka 1964. Wangapi katika sisi tumetibiwa nao Mnazi Mmoja, au mama zetu wamepasuliwa nao Mkoani kule Pemba? Majumba ya Kikwajuni na Michenzani yalijengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Bibi yangu alikuwa akisimulia habari za wageni wa wakati ule bila ya chuki na bila ya kuwatukuza, kama anavyosimulia habari za jirani yeyote.

Kweli wa zamani walikuja na msaada, na wa leo wanakuja na biashara. Mwenye biashara anatafuta faida, na faida wakati mwengine inatoka mgongoni mwa shemeji yangu. Ndiyo maana nasema wema kwa jirani hautoshi. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe ni sheria ya nchi. Aifuate kama sisi.

Kwa hivyo tuje kwenye haki za kiwandani, na hapa nawaomba mabiharusi msome vizuri, maana mume akiumia kazini anayebaki kuhangaika ni nyinyi.

Kwanza, kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumfanyi mfanyakazi akose haki. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mwajiri jukumu la kuandika masharti ya kazi, na ukitokea mgogoro naye hana maandishi, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha, si mfanyakazi. Msikubali kuambiwa "huna mkataba, huna kesi".

Pili, mtu akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana kwa WCF. Anayeuchangia ni mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti kwa ajili yake. Taarifa ya kuumia isicheleweshwe, maana madai yana muda wake. Weka vyeti vya hospitali, weka picha, andika tarehe na majina ya walioshuhudia.

Tatu, mtu akiachishwa kazi kwa dhulma, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara, ni ndani ya siku 60. Wengi wanapoteza haki kwa sababu siku hizo zinapita wakiwa wamekaa barazani wanalaani.

Na nne ni ya kwako wewe mwenyewe ukiwa unafanya kazi kiwandani: likizo ya uzazi ni siku 84, na ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100. Hiyo ni haki yako kwa mwajiri yeyote, awe Mchina, Muhindi au Mzaramo.

Shemeji alikwenda. Aliyemsukuma ni mtendaji wa kijiji, mwanamke, ambaye alimwambia maneno ya Wachina hayatamrudishia kidole. Mambo yamechukua miezi na hayajamalizika. Lakini gharama za hospitali zimelipwa, na wenzake wanne waliokuwa hawana mkataba wamepewa. Haya hayakupatikana kwa kumnyima Mchina wa visima salamu.

Kuna jambo jengine ambalo ni zito, na nitalisema kwa uchache. Katika vijiji vilivyo karibu na viwanda kuna watoto ambao baba zao ni wageni, na wengine baba zao wameshaondoka. Mtoto anazaliwa na macho madogo, na tangu anaanza kutambaa jina lake ni "Mchina". Skuli anaitwa hivyo, madrasa anaitwa hivyo. Mama yake hawezi kwenda kisimani bila ya kusikia kijembe. Dada zangu, kama kulikuwa na kosa, mtoto hana fungu ndani yake. Na mama aliyetubu kwa Mola wake hatukupewa sisi kazi ya kumuhukumu. Mabinti zetu tuwafundishe mapema kwamba mwanamke wa Kiislamu haolewi na asiyekuwa Muislamu, na kwamba anayemtaka kwa kheri anapita kwa walii wake, anasilimu kwa kweli na ndoa inaandikwa. Hilo tulifundishe majumbani, kwa upole, kabla ya jambo kutokea. Tukiliacha mpaka limetokea, kisha tukamfanyia mtoto mzaha, tumekosa mara mbili.

Sasa wewe biharusi unayejiandaa kwenda huko, utaniuliza ufanye nini. Mimi si shekhe, lakini haya yako ndani ya uwezo wetu.

Ujirani mwema hauondoi mipaka. Usiingie nyumba ya wanaume peke yako wala usikae nao faragha. Sahani ipelekwe na mumeo au watoto. Ukiletewa chakula usichojua kimepikwa na nini, pokea kwa adabu na mumeo aeleze kwamba sisi tunakula halali tu. Wengi wao hufahamu haraka, na safari nyengine wataleta matunda. Kama katika majirani hao kuna mwanamke, basi nenda wewe mwenyewe kamsalimie. Mwanamke wa Kichina anayeishi kijijini na mumewe, hajui lugha, hana shoga, ana upweke ambao wewe umeshauonja wiki zako za mwanzo ukweni.

Uliza jina. Ukishalijua, waite watoto wako uwafundishe kumwita kwa jina lake. Na wakiimba zile sauti za kuigiza Kichina anapopita, usicheke. Watoto hutazama uso wa mama yao kwanza.

Na ukisikia dhulma ya kiwandani, usiimalizie barazani. Uliza nani kafanya, lini, wapi, na nani anahusika kuirekebisha. Penye mkutano wa kijiji hudhuria, hasa yakizungumzwa mambo ya ardhi. Sauti ya mwanamke mmoja aliyeuliza swali mkutanini ina faida kuliko laana za wanawake ishirini kisimani.

Niwamalizie hadithi. Sikukuu kubwa iliyofuata nilipiga simu mapema nikamwambia mdogo wangu, safari hii watayarishe sahani ya nyumba ya mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, wameshahama. Kisima cha kijiji cha pili kimeanza." Nyumba sasa kapanga mtu mwengine.

Basi sahani ile haikufika. Siwezi tena kuirekebisha, na sijui jina la yule kijana nimuombee msamaha. Nimemwambia mdogo wangu amuandalie huyo mpangaji mpya, yeyote awaye. Na mama mkwe wake, Allah ambariki, safari hii alitoa sahani mwenyewe kabatini, ile ya maua.

Mwenyezi Mungu atulinde na dhulma, ya kudhulumiwa na ya kudhulumu, awape mabiharusi wetu majumba yenye baraka na majirani wema, na atujaalie sisi tuwe majirani wema kwa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.